Huyu Si Mama Yangu: Maluweluwe, Imani Zisizotikisika na Njia ya Kuzipima

Kijana wa Chepsaita akianza kujibizana na watu wasioonekana, jamaa zake hawakosi pa kumpeleka. Kuna kanisa, ambako atawekewa mikono. Kuna mganga wa mitishamba. Kuna matatu ya kwenda Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, yenye wodi ya magonjwa ya akili na madaktari wanaofundisha katika Chuo Kikuu cha Moi. Familia nyingi hupita kote huko, na hospitali huwa ya mwisho, ng'ombe wameshauzwa na kijana ameshafungwa kamba. Chepsaita, kijiji cha upande wa Turbo katika kaunti ya Uasin Gishu, kimejulikana nchini kwa mbio za nyika. Siku ya mbio watu hujaa. Ugonjwa wa akili hauna siku yake wala mashabiki, na ndiyo sababu nataka tuuzungumze ukiwa nyumbani kwake, kijijini, badala ya kuuacha kwenye vitabu vya wodi za Ulaya.

Nitakalolitetea ni hili. Sote, waumini, waganga na hata madaktari wa zamani, tumekosea kwa namna moja: tumempima mgonjwa kwa yale anayosema. Tumeuliza kama anachokiona kinawezekana, kama anachokiamini ni cha ajabu kiasi gani. Lakini yale anayosema mtu hutoka kwao: kanisani, shambani, kituo cha polisi, kwenye ugomvi wa mpaka. Ugonjwa hujulikana kwa maswali mengine. Ulianza lini? Ulianza pamoja na nini? Je, mtu analala? Anakula? Waumini wenzake wanamwelewa, au nao wameanza kumshangaa?

Maluweluwe ni kuona, kusikia, kunusa au kuguswa na kitu ambacho hakipo. Imani isiyotikisika ni jambo jingine. Macho na masikio yako sawa, ila mtu ameshikilia jambo lisilo la kweli na hakuna ushahidi wa kumbandua. Mara nyingi hili la pili huzaliwa na lile la kwanza, kwa kuwa anayesikia akisengenywa usiku kucha lazima atafute maelezo, na atakayoyapata ni yale yaliyo karibu naye. Zamani wagonjwa walitaja redio. Siku hizi hutaja simu, kamera na majasusi. Palipo na hofu ya uchawi, hutaja jirani.

Watu wengi hudhani kwamba kusikia sauti ni wazimu moja kwa moja. Hesabu zinakataa. Mwaka 1894 watafiti wa London walichapisha majibu ya watu 17,000 walioulizwa kama wamewahi, wakiwa macho na wazima wa afya, kuona, kusikia au kuguswa na kisichokuwepo. Takriban mmoja kati ya kila kumi alisema ndiyo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika vijiji vya Maseno magharibi mwa Kenya, Rachel Jenkins na wenzake waliuliza watu wazima kuhusu sauti, hofu ya kuandamwa na mambo ya aina hiyo. Mwaka 2004 kiasi cha asilimia 8 walikuwa na angalau dalili moja, na mwaka 2013 karibu asilimia 14. Waliokuwa na dalili kadhaa kwa pamoja walikuwa wachache, na dalili hizo ziliandamana na sonona, wasiwasi, afya mbovu na nyumba duni. Skizofrenia yenyewe, ugonjwa mkubwa wa akili wenye sauti na imani za namna hiyo, humpata mtu chini ya mmoja kati ya mia. Kwa hiyo wengi wa hao wa Maseno, kama wale wa Uingereza, hawakuwa wendawazimu. Huenda wengi walikuwa watu waliochoka, waliofiwa, waliolemewa.

Kufiwa kunastahili kutajwa peke yake. Mwaka 1971 daktari W. Dewi Rees alichapisha uchunguzi wa wajane 293, wanawake kwa wanaume, wa vijijini Wales. Karibu nusu yao walikuwa wamehisi uwepo wa mwenzi aliyefariki, wengine wakimsikia au kumwona, na wengi walifarijika. Hawakuwa wamemwambia daktari wao. Wakalenjin wa kale walijua oiik, roho za waliotangulia, na bibi anayesema marehemu mumewe alikohoa uani jana usiku hajavunja kanuni yoyote ya kwao wala ya tiba. Mwacheni na mumewe.

Karibu zaidi na Chepsaita, huko Kosirai katika kaunti ya Nandi, Edith Kwobah na wenzake wa Eldoret waliwahoji watu 420 na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Asilimia 45 walikuwa wamewahi maishani kupata ugonjwa wa akili wa aina moja au nyingine, na mwingi wake haukuwa umetambuliwa wala kutibiwa. Idadi hiyo inajumuisha sonona, wasiwasi na pombe, si kuchanganyikiwa tu. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba tunapozungumzia wodi ya Eldoret tunazungumzia wachache waliofika.

Sauti inatoka wapi, basi, kama hakuna anayesema? Kila mmoja wetu huongea ndani kwa ndani mchana kutwa, na ubongo hutia alama kwenye maneno hayo ili yajulikane kuwa ni yetu. Maelezo yenye nguvu zaidi leo yanasema kwamba alama hiyo ikikosekana, mtu husikia mawazo yake kama maneno ya mwingine. Mwaka 1993 McGuire, Shah na Murray wa London walipiga picha ubongo wa wagonjwa wakati uleule waliokuwa wakisikia sauti. Sehemu iliyofanya kazi zaidi ilikuwa ile ya Broca, inayotunga usemi. Mtu huyo hadanganyi anaposema amesikia. Amesikia. Anayemkaripia kwamba anaigiza anamwongezea upweke bila faida.

Upande wa imani, daktari Shitij Kapur alieleza mwaka 2003 kwamba dopamini, kemikali ya ubongo, ikizidi, mambo madogo hupata uzito usio wao. Taa ya gari iliyowaka mara mbili inakuwa ishara. Kikohozi cha mpita njia kinakuwa ujumbe. Mtu anaishi wiki kadhaa katika dunia ambamo kila kitu kinamhusu, kisha siku moja anapata jibu linalounganisha yote, na jibu hilo linamtuliza hata kama linatisha. Dawa zilizoanzia Paris mwaka 1952 na kloropromazini hupunguza uzito huo polepole. Hazifuti jibu kwa siku moja, na familia inayosema dawa imeshindwa baada ya siku nne imekata tamaa mapema mno.

Nimesema swali kuu ni lini na pamoja na nini. Hapa ndipo maisha ya watu huokolewa au kupotezwa, na kijijini ndipo swali hili lina thamani kubwa kuliko kipimo chochote.

Chukua mnywaji wa chang'aa wa miaka mingi anayeokoka Jumapili na kuacha pombe siku hiyohiyo. Jumatatu mikono inatetemeka. Kati ya Jumanne na Alhamisi anaanza kuona nyoka, panya na wadudu wakipanda ukutani, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, hajui yuko wapi. Kanisani picha hiyo inafanana kabisa na pepo anayegoma kutoka. Kwa kweli ni ubongo uliozoea pombe ukinyang'anywa kwa ghafla, na hali hiyo huweza kuua. Inahitaji diazepamu, maji na vitamini B1, hospitalini, usiku huohuo. Vivyo hivyo kwa mnywaji aliyekamatwa Ijumaa na kuwekwa seli: anachokiona Jumapili hakina uhusiano na dhambi yake. Sisemi watu wasiokoke. Nasema mchungaji anayempokea mlevi wa muda mrefu ampeleke kliniki kabla ya kumfungisha mfungo. Eldoret ina ujuzi katika jambo hili. Rebecca Papas na wenzake, ndani ya mpango wa tiba ya ukimwi wa AMPATH ulioanzishwa mwaka 2001, walijaribu huko tiba ya mazungumzo kwa wanywaji wanaoishi na virusi vya ukimwi, ikiendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa, na ikapunguza unywaji.

Homa nayo. Uasin Gishu ni nyanda za juu, na mwenyeji wake hana kinga ya mtu wa Busia. Akisafiri kwenda kuzika bondeni na kurudi, wiki mbili baadaye aanze kuweweseka na kuongea na marehemu, watu husema marehemu amemfuata. Huenda malaria imempanda kichwani. Homa ya matumbo, uti wa mgongo, sukari iliyoshuka na kifafa hufanya vivyo hivyo. Dawa pia. Efavirenzi, iliyomezwa usiku na wengi waliokuwa kwenye tiba ya ARV kabla Kenya haijahamia dolutegraviri miaka michache iliyopita, ilileta ndoto za kutisha, na kwa baadhi yao maluweluwe ya mchana. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kumvuruga mtu mara chache.

Kuna sumu za shambani vilevile. Machi 2019, Karamoja nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Pokot Magharibi, watu wapatao 300 waliugua na watano wakafa baada ya kula chakula cha msaada kilichochafuliwa na sumu ya mbegu za datura. Datura ni gugu linalojiotea katika mashamba ya mahindi na kando ya njia za eneo letu. Aliyelila hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa nyekundu bila jasho, naye hudaka hewani vitu asivyoviona mwingine. Kijiji kizima kikipatwa mara moja, ni rahisi kusema kimelogwa.

Kutokana na haya madaktari wana kanuni ambayo ningependa kila nyumba iijue. Sauti zilizoanza kidogo kidogo kwa kijana zielekeze mawazo kwenye ugonjwa wa akili. Maono ya macho yaliyokuja ghafla, hasa kwa mtu mwenye homa, mnywaji, mzee au aliyebadilishiwa dawa, yaanze kutafutwa mwilini. Na mzee mwenye mtoto wa jicho anayeona watoto wadogo wenye nguo nzuri wakipita uani, akijua mwenyewe kwamba hawapo, hana wazimu hata kidogo. Charles Bonnet wa Geneva aliieleza hali hiyo mwaka 1760 akimtazama babu yake, Charles Lullin, ambaye macho yalikuwa yamefifia. Ubongo uliokosa picha hujichorea zake. Wazee wengi hufa na siri hii kwa kuogopa kuitwa wachawi, na inaumiza kufikiri kwamba sentensi moja ya daktari wa macho ingewatuliza.

Jinamizi nalo limewatesa watu bure. Mtu anaamka, mwili umekufa ganzi, kitu kizito kimemkalia kifuani. Ni usingizi wa ndoto ambao haujamwachia: misuli ingali imefungwa, macho yako wazi, na ndoto inaendelea chumbani. Mwaka 1995 huko Pemba, kisha Unguja, hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilienea. Watu walilala nje kwa makundi, wakiota moto, na Unguja kuna aliyeuawa na umati kwa kushukiwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, na hofu ya siasa ilikuwa hewani. Jinamizi peke yake halielezi yote yaliyotokea, lakini linaeleza vizuri kwa nini mashahidi wengi walisimulia jambo moja: usiku, mgongoni, uzito, kushindwa kupiga kelele.

Sasa nije kwenye imani za ajabu zaidi, zile ambazo vitabu vya tiba huziweka mwishoni kama vioja. Nadhani si vioja. Katika kijiji chenye maelezo tayari ya kila ajabu, hazionekani za ajabu, na hilo ndilo linalozifanya ziwe hatari.

Mwaka 1923 huko Paris, Joseph Capgras na Jean Reboul-Lachaux walimweleza mwanamke aliyesema mumewe na watoto wake wametwaliwa na mahali pao pamewekwa watu waliofanana nao. Leo hali hiyo inaitwa kwa jina la Capgras. Mgonjwa anamtazama mama yake na kukiri kwamba uso ni uleule, sauti ni ileile, kovu la paji liko, na bado anasema: huyu si mama yangu. Mwaka 1990 Hadyn Ellis na Andrew Young walieleza jinsi inavyoweza kutokea. Tunapomwona mpendwa, njia moja ya ubongo hutambua sura, na nyingine huamsha hisia ya kumjua. Njia ya pili ikikatika, sura inakuja bila joto lake. Mwaka 1997 vipimo vya ngozi vilionyesha kwamba wagonjwa hawa hawasisimki zaidi kwa nyuso wanazozijua kuliko za wageni. V. S. Ramachandran na William Hirstein walimweleza mwaka huo kijana aliyeumia kichwa katika ajali ya gari. Akiwaona wazazi wake, aliwakataa. Wakimpigia simu, aliwatambua.

Mtu anaweza kuumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda njia ya Turbo. Anaweza kuwa na skizofrenia, kifafa au ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Siku moja anasema mama aliye jikoni ni wa bandia. Nyumba yenye hofu itasikia nini? Itasikia kwamba mama amegeuzwa, au kwamba kuna aliyemchukua, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi na mwanawe ndiye wa kwanza kumgundua. Maneno ya mgonjwa yanapata mashahidi. Mama anayekataliwa ndiye aliye hatarini, kwa sababu wagonjwa wa Capgras wakati mwingine huwashambulia wale wanaowadhani ni wa bandia. Hatua ya kwanza katika nyumba hiyo ni kumweka mama huyo mbali na panga na shoka kwa siku kadhaa na kumtafuta daktari. Kubishana na mgonjwa kumthibitishia kwamba ni mama kweli hakusaidii kitu.

Hatari hii ni kali kuliko zote kwa mama aliyejifungua. Kichaa cha baada ya uzazi huwapata mama mmoja au wawili katika kila uzazi elfu moja, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama halali hata mtoto akilala. Anachangamka mno au ananyamaza mno. Kisha anasema mtoto huyu si wake, amebadilishwa, au ana kitu kibaya ndani yake. Kwa kuwa habari za watoto kubadilishwa wodini zimewahi kusikika kweli, jamaa hukimbilia kubishana na hospitali. Wangemwuliza kwanza amelala saa ngapi tangu Jumatatu. Ugonjwa huu hupona vizuri sana ukitibiwa mapema, na mama na mtoto hukaa pamoja tena. Usipotibiwa, unaweza kumalizika kwa kifo cha mmoja au wote wawili.

Jules Cotard alisimulia Paris mwaka 1880 habari za mwanamke aliyedai hana ubongo, hana kifua, hana tumbo, na kwa hiyo hahitaji chakula. Alikufa kwa njaa. Wagonjwa wa Cotard husema wamekufa au wameoza, na wengi wao wana sonona iliyofika chini kabisa. Kwetu mtu akisema “mimi nimeshakufa,” anaweza kuchukuliwa kuwa anatubu. Kipimo ni sahani: kama ameacha kula na kunywa, hayo si maneno ya kiroho tu. Tiba ya umeme, ambayo wengi wanaiogopa kwa sababu ya filamu, ndiyo inayowarudisha wagonjwa wa namna hii haraka zaidi.

Nyingine nizitaje kwa ufupi. Fregoli, iliyoelezwa mwaka 1927 na kupewa jina la mwigizaji wa Italia aliyekuwa hodari wa kujibadilisha, ni kuamini kwamba watu wengi unaokutana nao ni adui mmoja anayejigeuza. Ile iliyoelezwa na Karl Ekbom mwaka 1938 ni kuamini kwamba wadudu wanatambaa chini ya ngozi, na mgonjwa huleta vipande vya ngozi ndani ya kibiriti kama ushahidi. Upele, kisukari na figo vichunguzwe kabla ya kumwita mtu huyo mwendawazimu. Imani ya pamoja, iliyoelezwa na Lasègue na Falret mwaka 1877, ni pale mmoja mwenye nguvu nyumbani anapomwambukiza mwenzake imani yake. Wakitenganishwa, wa pili mara nyingi hupata nafuu bila dawa.

Wivu wa kigonjwa unahitaji uangalifu wa pekee. Mume anakagua nguo za ndani, ananusa shuka, anahesabu dakika za kwenda mtoni, na hakuna jibu linalomtosha. Unahusiana sana na pombe ya muda mrefu, nao ni miongoni mwa hali zinazoongoza kwenye mauaji. Lakini nisieleweke vibaya. Januari 2024 maelfu waliandamana nchini Kenya dhidi ya mauaji ya wanawake, na wengi wa wanaume wanaoua wake zao hawana ugonjwa wowote wa akili. Wana kiburi na jeuri. Daktari asitumiwe kuwafichia. Kwa yule mchache aliye mgonjwa kweli, ushauri ni uleule kwa mke: ondoka kwanza, tiba ifuate.

Mpaka kati ya imani ya watu na imani ya ugonjwa ndio uliowashinda wengi. Wazungu waliotawala Kenya walidhani wanaujua. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, ambaye mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichomlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Katika miaka ya uongozi wake, mwaka 1945, Elijah Masinde wa Kimilili, mwanasoka aliyewahi kuichezea Kenya na kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipelekwa Mathari kama mwendawazimu. Alikuwa akihubiri kwamba Wazungu waondoke. Aliachiliwa mwaka 1947, mwaka uliofuata akahamishiwa Lamu, na hakuwa huru hadi 1961. Miaka miwili tu baada ya kufunguliwa kwake, utawala wa Wazungu aliohubiri uondoke ulikuwa umekwisha.

Kesi ya Masinde inafundisha zaidi ya uovu wa ukoloni. Alipimwa kwa aliyoyasema, na aliyoyasema hayakuwapendeza wapimaji. Laiti wangeuliza maswali ya kidaktari, wangeona mtu aliyepanga kazi, aliyefuatwa na maelfu waliomwelewa, aliyebadilisha mbinu hali ilipobadilika. Mgonjwa wa imani isiyotikisika huelekea kubaki peke yake. Hata waumini wa dhehebu lake hushtuka. Mtu akisema amelogwa, hiyo peke yake si dalili kijijini ambako wengi huamini uchawi. Akisema amelogwa na gavana kupitia transfoma ya Kenya Power, na mama yake anayeamini uchawi akitikisa kichwa, hapo kuna jambo. Muulize mama. Yeye ndiye mpimaji bora kuliko daktari mgeni.

Kanuni hii ina uchungu wake, kwa kuwa imani inayoshirikiwa na wengi si ugonjwa hata inapoua. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto Kisii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa dhehebu la kufunga hadi kufa ilifukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Tiba ya akili haiwezi kuyaeleza hayo kwa kumtaja kila aliyehusika kuwa mgonjwa. Ni kazi ya sheria, ya shule na ya viongozi wa dini.

Hata sauti zenyewe hufuata malezi. Tanya Luhrmann na wenzake walichapisha mwaka 2015 mahojiano na wagonjwa 60 wa skizofrenia, ishirini San Mateo katika jimbo la California, ishirini Accra na ishirini Chennai. Wa Marekani walisikia amri za ukatili na waliziita ugonjwa wa ubongo. Accra wengi walisema Mungu huzungumza nao, na Chennai sauti nyingi zilikuwa za jamaa wakiwaagiza kazi za nyumbani. Ugonjwa ni uleule, mateso si sawa. Nalichukulia hili kama sababu ya kutomdhihaki mgonjwa anayesema sauti yake ni ya Mungu. Kama inamwambia alale na amsamehe dada yake, daktari hana ugomvi nayo. Ikimwambia asile au amdhuru mtu, ana ugomvi nayo usiku huohuo.

Kenya ina madaktari wa akili wachache mno kwa watu milioni 47.6 waliohesabiwa mwaka 2019, na wengi wako mijini. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yamezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na watu. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2020 kuhusu wagonjwa wanaofungwa minyororo iligusa nchi 60, Kenya ikiwemo. Kati ya sheria na mnyororo kuna sindano moja ya mwezi na haloperidoli ya bei nafuu, ambazo zikikosekana zahanati kwa miezi miwili mgonjwa huanza upya. Eldoret pia ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa NeuroGAP, uliokusanya sampuli za mate na historia za watu zaidi ya 40,000 katika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, kwa sababu elimu ya urithi wa magonjwa haya ilikuwa imejengwa karibu yote juu ya sampuli za watu wa asili ya Ulaya. Ni kazi njema, ingawa matunda yake hayatafika kijijini kesho.

Lipo jambo moja ambalo huduma zote hizi hazijaligusa, na mimi huliona zito. Kijana akipona, sauti zikinyamaza, jina la jirani aliyemtaja kuwa mchawi haliponi naye. Lilishasikika kanisani, kwenye kituo cha kupeleka maziwa asubuhi, kwa wauza duka. Kliniki haina faili la jirani huyo. Wanaoweza kumtendea haki ni chifu, wazee na mchungaji wa pale pale: waziketishe nyumba zote mbili, kijana mwenyewe akiwepo kama ana nguvu, waeleze kwamba aliyoyasema yalikuwa ya ugonjwa, na jina la mzee au mama yule lisafishwe mbele ya watu walewale waliolisikia likichafuliwa.